Ng'ombe wa Kidato cha Pili

Faustine Machibya nilimfahamu kwa sababu ya kilo sitini za sato.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kupeleka samaki kwenye kambi za watalii upande wa Bunda. Alfajiri nanunua Mwigobero mashua zikitua, napanga kwenye barafu, napandisha kwenye kirikuu, saa nne niko jikoni kwao. Oda zilikuja kwa ujumbe wa simu, tena kwa Kiingereza, maana meneja wa kambi moja alitoka mbali na Kiswahili chake kilikuwa kinaishia kwenye jambo. Kiingereza changu mimi ni cha darasa la saba, kingine nimekiokota sokoni. Siku hiyo niliona kwenye ujumbe kuna kuleta, kuna kilo sitini, kuna sato, kuna Ijumaa. Nikapeleka mzigo.

Meneja alitoka, akatazama samaki, akanitazama mimi. Hakuwa ameagiza. Nikamwonyesha ujumbe wake mwenyewe, akausoma taratibu, akatikisa kichwa. Mpishi akanisaidia kupakia upya. Sato wale niliwamalizia stendi ya Bunda jua likiwa kali, kwa bei ambayo sitaiandika hapa.

Jioni hiyo hiyo nikatafuta mtu wa kunieleza. Mtaa wa Nyasho, nyuma ya saluni moja, kulikuwa na banda la bati lenye mabenchi manne na ubao, na ndani yake kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa mabegani. Huyo ndiye Machibya. Nikampa simu asome.

"Huyu hakuagiza, dada," akasema. "Huyu alikuwa anawaza tu, kwamba kama ungeleta ingekuwaje."

"Mtu anawazaga kwa maandishi?"

"Kiingereza kinaruhusu."

Nikamwuliza kunifundisha kuwatofautisha wanaowaza na wanaoagiza atanitoza kiasi gani. Alitaja bei ndogo mpaka nikaona aibu. Nikaipunguza hata hivyo, kwa mazoea, na yeye akakubali hapo hapo. Nikajua nimekutana na mtu mwenye matatizo.

Tulikuwa wanafunzi saba: mimi, wavulana wanne waliofeli kidato cha nne, fundi cherehani mmoja, na mzee wa kanisa aliyetaka kusoma Biblia ya Kiingereza kabla hajafa. Machibya alikuwa anatufundisha zile hali tatu za kitendo. Anachora nguzo tatu ubaoni. Ya kwanza ni ya kusema jambo lilivyo. Ya pili ni ya kuamuru. Ya tatu, yenye jina refu kama la dawa ya ng'ombe, ni ya mambo ambayo hayapo lakini mtu anayataka, au anayadhania, au anaomba yawe. Kila nguzo ilikuwa na mifano kumi, na mifano yote ilimhusu mtu aitwaye John. John anafungua mlango. John, fungua mlango. Kama John angefungua mlango. Ikifika nguzo ya tatu, fundi cherehani alikuwa amelala, mzee wa kanisa amelala, na mimi nahesabu mabati.

Si kwamba hakujua. Alijua kupita kiasi. Alizaliwa kijiji kimoja nje ya Bunda, mtoto wa saba wa wakulima wa pamba, na Kiingereza alikipata kwa redio ya betri huku akichunga. Alisema ng'ombe ndio waliokuwa wanafunzi wake wa kwanza, na hawakuwahi kulala. Akasoma, akapata stashahada ya ualimu, akaomba ajira serikalini, akangoja miaka sita. Katika miaka hiyo sita aliishi kwa banda lile na kwa kuandikia watu barua za maombi ya kazi, barua ambazo wengine walipata kazi kwazo.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: alisema kila kitu kama kilivyo. Muuza nyanya akimwambia elfu mbili, anatoa elfu mbili. Akiulizwa kama anaweza kufundisha kidato cha tano, anasema sina uhakika. Kwenye usaili mmoja Mwanza walimwuliza kwa nini wamchukue yeye, akajibu kwamba hajawaona wengine, kwa hiyo hawezi kulinganisha. Mtu anafundisha watu kutamani kwa Kiingereza, mwenyewe hajawahi kutamani hata kwa Kisukuma.

Sasa, kuna shule ya sekondari ya mtu binafsi barabara ya kwenda Butiama ambayo mimi nilikuwa naiuzia dagaa. Mwenye shule ni Mzee Magige. Fedha yake yote ameipata kwenye ng'ombe, na shule aliijenga kama mtu mwingine anavyojenga zizi la pili. Mkuu wa shule anaitwa Madamu Prudence. Siku moja napima dagaa jikoni kwake, akanilalamikia kwamba mwalimu wa Kiingereza ameondoka, na watatu waliokuja kujaribiwa wameshindwa. Kila anayekuja anapewa kipindi kimoja, kidato cha pili, somo ni hizo hizo hali tatu za kitendo, kwa sababu ndipo watoto walipokwama. Mzee Magige anakaa nyuma ya darasa. Akisinzia, mwalimu amekosa kazi. Ndicho kipimo chake, na wote watatu alikuwa amewasinzia.

Nikampelekea Machibya habari. Nilidhani atafurahi, kumbe akakaa chini kwenye benchi. Akanieleza kwamba kaka yake Silasi ameshampa neno la mwisho: mwezi ukiisha bila ajira, arudi kijijini akachunge. Na Silasi si mtu wa kurudia. Nafasi hiyo ikimponyoka, mtu wa miaka thelathini na minne, mwenye stashahada, angeamka na fimbo mkononi nyuma ya ng'ombe wa kaka yake, na ndiyo ingekuwa habari yake mpaka mwisho.

Nikamwambia anifundishe mimi lile somo, nikiwa Magige. Akachora nguzo tatu. John akafungua mlango. Mimi sikusinzia kwa sababu nilikuwa nimesimama.

"Mwalimu," nikasema, "kazi huna."

"Lakini mifano ni sahihi, dada."

"Ni sahihi. Kesho mnada Bunda. Twende."

Mnadani pale Bunda mtu hauzi ng'ombe wake kwa mdomo wake. Yupo dalali katikati, na dalali ana maneno ya aina tatu tu, hata kama hajui. Nilimsimamisha Machibya kando ya zizi nikamwambia asikilize midomo, asitazame mikia. Dalali akaanza kwa kusema kilichopo: ana meno manne, amezaa mara moja, ametoka Nyamuswa. Halafu akaamuru: mshike nundu, mpitie nyuma, ongeza basi baba. Halafu mnunuzi alipoanza kuondoka, sauti ikashuka, ikawa tamu. Ningekuwa mimi wewe nisingelala leo. Kama mke wangu asingekuwa mgonjwa ningemchukua mwenyewe. Mungu akujalie uondoke naye.

Machibya alitoa daftari. Akaandika mpaka saa nane, amesimama juani, watu wakidhani ni afisa wa ushuru na kumkwepa. Aliona pia jinsi biashara inavyofungwa. Mnunuzi na muuzaji wanapigana kiganja, dalali anaweka mkono wake juu ya mikono yao mbele ya watu, na kamba inahama kutoka mkono huu kwenda ule. Hapo imekwisha. Fedha inaweza kuja Jumamosi, ng'ombe anaweza kuja Jumamosi, lakini neno halirudi. Hilo nalo aliliandika. Laiti asingeliandika.

Siku ya jaribio nilimpeleka mwenyewe kwa kirikuu, maana nilikuwa na magunia mawili ya dagaa ya kushusha pale. Madamu Prudence akaniruhusu nikae nyuma, kiti kimoja na Mzee Magige, ambaye alikuwa ameshaegemeza kichwa ukutani kujiandaa.

Machibya akaingia na kamba. Kamba ya katani, ya kweli, akaifunga kwenye mguu wa meza, akaliambia darasa kwa Kiingereza kwamba ameleta ng'ombe. Watoto arobaini na tatu wakaitazama kamba. Nusu yao ni watoto wa wafugaji. Hao hawakucheka, walitaka kujua ni dume au jike.

Akamwelezea ng'ombe huyo. Jike, mweupe, mabaka meusi shingoni, meno sita, mimba ya miezi sita, mtulivu wakati wa kukamua. Alimweleza vizuri kwa sababu alimjua: ndiye ng'ombe aliyemchunga kwao likizo za chuo. Watoto wakatakiwa waseme alivyo, kwa Kiingereza, wakasema. Wakatakiwa waamuru, wakaamuru: mfungue kinywa, mtembeze, mgeuze. Na kila wakiamuru Machibya alikuwa anavuta kamba na kumgeuza, mpaka mimi nikasogeza miguu nisikanyagwe. Mvulana mmoja aitwaye Samwel, mtoto wa dalali kabisa, akapewa udalali. Samwel Kiingereza chake kilikuwa kibovu lakini damu ilikuwa nzuri. Akamnyooshea kidole Mzee Magige, akatamka ile ya tatu, yenyewe, bila kujikwaa: "If I were you, I would buy her."

Kichwa cha Mzee Magige kikatoka ukutani.

"Huyo mimba ni ya dume gani?" akauliza.

Machibya akamwomba kwa adabu aulize kwa Kiingereza. Darasa likangoja kuona mwalimu akifukuzwa. Lakini Magige amefanya biashara mpakani Sirari miaka mingi, na Kiingereza chake, kama changu, kilikuwa cha kazi. Akauliza kwa Kiingereza. Akajibiwa. Akaamuru ng'ombe atembezwe tena. Akasimama, akazunguka meza, akainama kutazama upande wa nyuma. Akasema anatamani angekuwa mdogo kwa meno mawili. Samwel akasema kama angekuwa mdogo, bei isingekuwa hiyo. Bei ikatajwa, ikakataliwa, ikashuka, ikakwama. Mzee akajifanya anatoka mlangoni, watoto wakamrudisha, wote kwa Kiingereza, huku Madamu Prudence amesahau kufunga mdomo. Kengele ilipogonga, kiganja cha Magige kilikuwa kimegonga kiganja cha Machibya, Samwel ameweka mkono juu, na Machibya, kwa furaha ya somo lililokwenda vizuri, akafungua kamba na kumkabidhi.

Mzee akaikunja kamba, akaiweka begani.

"Ng'ombe wangu aje Jumamosi," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Na wewe Jumatatu uanze kazi."

Machibya akacheka. Magige hakucheka. Mimi nikaacha kucheka kabla ya Machibya, kwa sababu mimi namjua Magige.

Tulimfuata ofisini. Machibya akaeleza kwa heshima zote kwamba ule ulikuwa mfano, kwamba hali ya tatu ya kitendo ni ya mambo yasiyokuwepo, na ng'ombe yule alikuwa mmoja wa mambo hayo. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwuliza kama kiganja kilikuwepo. Kilikuwepo. Kamba ipo? Ipo, iko begani. Mashahidi je? Hilo mzee alijijibu mwenyewe: arobaini na tatu, na baba zao wote anakutana nao mnadani.

"Mimi sijawahi kurudisha kiganja tangu nianze kufuga," akasema. "Na mwalimu anayepiga kiganja mbele ya watoto halafu anasema ulikuwa mfano, huyo atawafundisha nini watoto? Jumamosi nisipoona ng'ombe, Jumatatu nisikuone."

Madamu Prudence alijaribu kumtetea, akaambiwa asiingilie mambo ya ng'ombe.

Tulirudi mpaka Kiabakari. Pale Machibya akauliza kama ningekuwa yeye ningefanya nini. Nikamwambia ningekuwa yeye nisingekuwa hapa, lakini kwa kuwa tumefika, twende kwa Silasi, nikashika njia ya Bunda.

Silasi tulimkuta anapulizia pamba dawa. Ni mtu mnene, mfupi wa maneno, na alipomwona mdogo wake alidhani amekuja kuripoti kazini. Akaita mtu amwonyeshe fimbo yake. Nikamweleza shida yetu. Akauliza mara mbili kama kweli mtu mzima amenunua ng'ombe wa kwenye ubao. Halafu akatupeleka zizini kumwona yule mwenyewe, mweupe mwenye mabaka.

Machibya alikuwa hajaenda nyumbani miaka sita. Ng'ombe yupo, ndiyo. Mabaka yapo. Lakini pembe moja imevunjika, mbavu zinahesabika, mimba hana na hatakuwa nayo tena, na nilipofungua kinywa nikakuta meno aliyobakiza hayatoshi kutafuna habari njema. Machibya akasimama pale kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Huyo ndiye?" Silasi akasema. "Mchukueni. Nilikuwaga nangoja Krismasi nimchinje."

Hakumtoa bure, msije mkadhani. Nilimpa gunia la dagaa, na mdogo wake akaahidi kuwafundisha watoto wake kila likizo. Silasi alitaka magunia mawili. Nilimwambia kwamba la pili nitampa siku ng'ombe huyo atakapozaa.

Jumamosi tukamshusha uwanjani kwa Magige. Mzee alikuwa amevaa koti, na amewaita majirani wawili kuja kutazama mali mpya, jambo ambalo lilinipa matumaini kidogo, maana mbele ya majirani mtu huogopa kuchekwa. Akazunguka ng'ombe mara moja. Akazunguka tena, polepole. Akamshika pembe ile iliyobaki.

"Huyu siye," akasema.

Machibya akasema ndiye.

"Niliyemnunua mimi alikuwa bora. Alikuwa ananona. Nilimwona."

Hapo nilifungua mdomo niingie, maana ndiyo kazi yangu, nilikuwa nimeshapanga maneno njia nzima. Machibya akanishika mkono. Aliongea kwa upole, bila ujanja wowote, kama kawaida yake.

"Mzee, mimi sitabishana. Ulinunua ng'ombe bila kumwona. Huyu ukimkataa, namrudisha, na mimi narudi kuchunga Bunda. Mnadani wataniuliza mwalimu imekuwaje, shule imekushinda? Nitawaambia kama ilivyokuwa. Unajua mimi uongo siuwezi. Nitasema Mzee Magige alizunguka meza, akainama nyuma yake, akaona ana mimba ya miezi sita."

Jirani mmoja akakohoa. Yule mwingine akageuka kutazama mlima.

Nimefanya biashara miaka ishirini na mbili, nimewabana wavuvi, wachuuzi na mameneja, na sijawahi kuona mtu akibanwa kwa ukweli mtupu namna ile. Machibya mwenyewe hakujua kwamba amembana. Alikuwa anamweleza mzee ratiba yake.

Magige akaiachia pembe. Akatazama majirani, akaona wanavyojizuia. Halafu akaanza kucheka, kwanza tumboni, mwisho akashika ukuta. Akasema walimu watatu wamepita na hakuna aliyemfanya aone hata mlango, na huyu amemwonyesha ng'ombe mpaka harufu. Kazi ni yake. Lakini kiganja ni kiganja, na hakiwezi kufutwa uani kwa siri. Kilipigwa darasani, kitafumuliwa darasani, mbele ya mashahidi wale wale, na kwa lugha ile ile.

Basi Jumatatu, kipindi chake cha kwanza akiwa mwalimu wa mshahara, Machibya alifundisha jinsi ya kurudisha ng'ombe kwa Kiingereza. Magige akasimama mbele na kamba yake. Watoto walikuwa wamejiandaa kuliko siku ya kwanza. Samwel akasema kwamba kama mnunuzi angempitia vizuri nyuma, haya yasingetokea. Msichana mmoja kutoka dawati la mbele akanyoosha mkono, akauliza, kwa Kiingereza ambacho Madamu Prudence alikiandika kwenye ripoti yake, kwamba siku nne zimepita na ng'ombe alikuwa na mimba: je, ndama akizaliwa angekuwa wa nani? Darasa likagawanyika. Magige akasema ndama ni wake, ng'ombe amelala kwake. Machibya akasema ng'ombe hakuwahi kulala kwake. Walibishana dakika ishirini, wote katika ile hali ya tatu, ambayo John alishindwa kuiingiza kwenye vichwa vya watu mwaka mzima.

Mwisho mashahidi wakadai chao. Kwa taratibu za mnadani, biashara ikivunjika, anayerudisha analisha walioshuhudia. Magige akajaribu kukwepa, akaambiwa na arobaini na tatu kwa pamoja alete maandazi. Akaleta maandazi.

Yule wa pembe moja Silasi alikataa kumpokea, alikuwa ameshakula dagaa, kwa hiyo niliondoka naye mimi. Nilimuuza mnada uliofuata kwa mtu wa bucha aliyemzunguka mara tatu na kumfungua kinywa. Faida ilikuwa ndogo, ila ilikuwepo.

Machibya bado yuko pale. Amepewa nyumba ya mwalimu yenye vyumba viwili. Paa lilikuwa linavuja, akaenda kwa Magige kulalamika, akaulizwa linavuja kiasi gani. Akajibu kwamba linavuja kidogo tu, upande mmoja. Nilipomtembelea mwezi uliofuata alikuwa amehamishia kitanda upande ule mwingine.